Kuyeyusha raclette kwa nusu gurudumu, kama wafanyavyo Valais

Valais ni jimbo la kusini mwa Uswisi, na wageni wengi hulijua kwa theluji ya Verbier na Zermatt. Lakini miteremko wanakoteleza watu mwezi wa Januari ndiyo malisho ya ng'ombe mwezi wa Julai. Kabla ya lifti na mahoteli, jibini la miezi hiyo michache ndilo lililozivusha familia kwenye baridi. Wachungaji walikuwa na moto, kisu na jibini, na chakula chenyewe ndicho hicho. Jina la raclette, yaani jibini linaloyeyushwa kisha kukwanguliwa na kuliwa na viazi, lilipata kujulikana na wengi kwenye maonyesho ya jimbo mjini Sion, mwaka 1909.

Gurudumu zima la jibini hilo lina kilo 5 hivi na upana wa sentimita 30. Raclette du Valais, ambayo jina lake linalindwa kisheria, hutengenezwa kwa maziwa mabichi na hukomazwa miezi mitatu au zaidi. Chunguza ubavuni: jina la Valais limegongwa kwenye ganda lenyewe. Jibini changa huporomoka lote kwa mkupuo, na lililozeeka hutengana, mafuta huku na mabonge kule. Cheddar iliyokomaa nayo hutengana vivyo hivyo, kwa hiyo haifai kuwa mbadala.

Kadiria gramu 200 hadi 250 za jibini na gramu 300 za viazi kwa kila mtu. Nusu gurudumu linatosha watu kumi. Chagua viazi vidogo visivyo vya unga, uvichemshe na maganda yake kwa dakika 20 hadi 25, umwage maji, kisha uvitie kwenye kikapu na kuvifunika kwa kitambaa kizito. Kiazi kilichopoa hulifanya jibini ligande kabla halijafika mdomoni.

Toa jibini kwenye friji saa moja kabla ya kula. Parua ganda kidogo kwa kisu bila kulimenya, maana litaliwa. Kata gurudumu katikati upate nusu mbili zenye uso mpana.

Usiharakishe moto. Subiri ndimi ziishe yabaki makaa mekundu. Ndimi huacha masizi, na kuni zenye utomvu huacha harufu isiyotoka. Simamisha nusu gurudumu juu ya jiwe, uso uliokatwa ukiyaelekea makaa, umbali wa sentimita 10 hivi. Ukitumia mashine ya umeme, koili inakaa juu ya uso huo; mengine ni yale yale.

Hapa usiondoe macho. Kwanza uso unang'aa, kisha unatoa vipovu vidogo, halafu kingo zinaanza kupata rangi ya kahawia. Ondoa papo hapo. Mafuta yakichuruzika, umechelewa au umesogeza karibu mno. Kinachotakiwa kuyeyuka ni utando wa milimita chache tu, ndani pabaki pagumu. Visahani vya mashine ndogo za raclette za mezani haviwezi hilo: humo kipande chote huchemka, kikawa mpira. Inamisha nusu gurudumu juu ya sahani iliyopashwa moto, uvute kwa mgongo wa kisu kutoka juu hadi chini kwa mkono mmoja usiositasita. Sahani ya pili itawahi zaidi, kwa kuwa uso umeshashika joto.

Baada ya sahani kadhaa, ganda hubaki limechomoza kama mdomo na kuanza kuungua. Likate, umpe mmoja wa wageni. Wenyeji huliita la religieuse, nalo hugombewa kama ukoko wa wali.

Anayepewa hula mara moja, hasubiri wenzake. Anayekwangua huzungusha zamu hadi watu washibe. Weka pembeni matango madogo ya siki, vitunguu vidogo vya siki na pilipili manga, basi. Kinywaji ni mvinyo mweupe wa Fendant au chai ya rangi yenye moto. Maji baridi hukataliwa mezani, kwa imani kwamba hulifanya jibini ligande tumboni.

Nusu iliyobaki iache ipoe kabisa, uifunge kwa karatasi ya nta badala ya nailoni, kisha uirudishe kwenye friji. Siku ya kuitumia tena, kata utando mkavu wa juu kwanza, la sivyo utaungua kabla ya ulio chini yake kulainika.