Namna ya Kufuatilia Fedha za Ujenzi Mpya Baada ya Vita

Anza na sheria ya bajeti na mikataba ya misaada, kwa sababu humo ndimo serikali inamojifunga kwa maandishi kuhusu kiasi, muda na wizara itakayowajibika. Kisha chagua mradi mmoja tu, tuseme zahanati, uombe hati zake za malipo na uzilinganishe na vyeti vya kukamilika kwa kazi. Pengo lolote utakaloliona ndilo swali lako la kwanza kwa wizara.

Usiridhike na makaratasi. Nenda ukalione jengo, upapase kuta, ufungue bomba. Nchini Afghanistan, ofisi ya mkaguzi mkuu maalumu iliyoundwa na Bunge la Marekani mwaka 2008 ilibaini mwaka 2015 kwamba taarifa za mahali zilipo baadhi ya zahanati zilizofadhiliwa hazikuwa sahihi, moja ikionyeshwa ndani ya bahari ya Mediterania. Jambo hilo linauma, maana kila zahanati ina wagonjwa wanaoitegemea.

Ushahidi ukikamilika, uwasilishe kwa mkaguzi mkuu wa hesabu na kwa kamati ya bunge ya hesabu za serikali, nawe ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.