Somo: Kubandika karatasi ya ndege iliyochorwa kwa mkono katika nyumba ya chokaa

Karatasi ya ukutani yenye ndege waliochorwa kwa mkono humchukua mchoraji wiki nyingi, na fundi asiyeujua ukuta wake anaweza kuiharibu kwa masika moja tu. Kwa hiyo tunaanza na ukuta.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake huvuta maji kutoka chini na kuyatoa hewani. Zikizibwa kwa plasta ya saruji, maji hukosa njia, shura, yaani chumvi ya ukutani, huchanua nyeupe, na chochote kilichobandikwa juu yake hubanduka. Bandueni saruji hiyo, pigeni chokaa upya, na muiache ikauke kwa miezi. Kisha bandikeni nailoni ya mita moja kwa mita moja, mzibe kingo zake zote kwa utepe, na muifungue baada ya siku mbili. Mkikuta matone nyuma yake, subirini. Mimi hupenda kubandika wakati wa kipupwe.

Ukuta ukishakauka, tandikeni kwanza karatasi nyeupe isiyo na mchoro, mkiilaza kwa mapana, ili maungio yake yasikutane na ya karatasi ya juu.

Sasa tandazeni vipande vyote juu ya mkeka kwa kufuata namba zake kabla ya kushika mkasi, kwa kuwa kazi ya namna hii hairudii mchoro na kipande kilichokatwa vibaya hakina mbadala. Vyumba vyetu vya kale ni vyembamba, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na mgeni aliyeketi huwa karibu mno na ukuta. Ndege mzuri kuliko wote akae usawa wa macho yake, asifichwe na kabati wala kukatwa kichwa na kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu. Pembe za nyumba hizi haziko sawa, basi msianzie pembeni: dondosheni timazi, yaani uzi wenye uzito wa kupimia wima, katikati ya ukuta.

Kipande kilichopakwa gundi hutanuka, kwa hiyo vipeni vyote dakika zilezile kabla ya kuvipandisha, la sivyo mdomo wa ndege hautakutana na kichwa chake. Mkia unapovuka maungio, lainisheni kuanzia mkiani kwenda nje kwa brashi laini iliyo kavu, wala msikandamize kwa kiganja, maana rangi ya maji hutoka na jasho. Niliwahi kumpoteza ndege mzima kwa kidole gumba changu, na bado naumia nikimkumbuka.

Maswali ya wanachama

Kutoka Wete: Mwalimu, naweza kuagiza achorwe ninga wa Pemba?

Ndiyo, na nakuombeni mfanye hivyo. Ninga huyu hapatikani kwengine duniani. Mpelekeeni mchoraji picha zinazoonyesha vizuri kifua chake cha kijivu na doa la zambarau begani.

Kutoka Malindi: Shikamoo Mwalimu. Mume wangu hataki picha za viumbe mahali tunaposalia.

Marahaba, mwanangu. Hukumu yake waulizeni masheikh wenu. Kwa upande wa ufundi, ndege waweke sebuleni, na chumba cha kusalia ukipambe kwa maua na majani, kama ya milango yetu ya kuchonga.

Kutoka Chake Chake: Maungio yangu yameachana kidogo. Nifanyeje?

Katika karne ya 18, karatasi za Kichina zilipobandikwa katika majumba ya Ulaya, mafundi walikata ndege na vipepeo wa ziada wakawabandika juu ya maungio. Fanya vivyo hivyo kwa jani au ndege mdogo, ukimkata kwa kufuata ukingo wa manyoya yake, na safari nyengine agiza wa akiba pamoja na karatasi yenyewe ili rangi zisitofautiane.