Kabla hujalipia pikipiki ya mkononi, anza na kadi

Ukinunua pikipiki ya mkononi hapa Tabora, usikague injini kwanza. Omba kadi halisi ya usajili, siyo kopi, na kitambulisho cha NIDA cha muuzaji. Majina yakipishana, mwenye jina kwenye kadi aje mwenyewe kusaini. "Kadi imepita mikono mitatu" ni maneno ya kukurudisha nyumbani na hela yako.

Halafu namba ya chesisi, yaani ya fremu. Kwa kawaida imegongwa kwenye shingo la usukani, chini ya grisi na vumbi. Futa kwa kitambaa chenye petroli, weka karatasi, sugua penseli mpaka namba itokee, kisha linganisha na kadi herufi kwa herufi. Namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 haina I, O wala Q. Ukiona O kwenye kadi, hiyo ni sifuri iliyokosewa. Muuzaji airekebishe TRA kabla ya mauziano, maana baadaye mzigo ni wako. Namba ya injini nayo usiisahau.

Angalia pia deni la faini za trafiki kwa namba ya usajili. Mkataba usainiwe kwa wakili, uwe na TIN za wote wawili, na bei iandikwe ile ile mliyolipana: ushuru wa stempu unafuata thamani, ndiyo maana wengi huipunguza. Ikitokea kesi ya kurudishiana hela, utadai hiyo ndogo.