Unga ya mwani kwa kuku: uliza mwezi kwanza
Bandugu ba Goma benye munafuga kuku, kama mutu anakuletea unga ya mwani ya kijani ya bahari (ile banaitaka Ulva) musiangalie tu bei, muulize banaivuna mwezi gani, juu kule inchi za baridi, wakati ya baridi mpaka mwanzo ya joto iko na protini mingi sababu maji iko na azoti (ile mbolea mwani inatumika nayo kujenga protini) ya kutosha, lakini jua ikishakuwa kali azoti inapunguka, mwani inabakia kujaza wanga tu. Ya Zanzibar ni ingine kabisa, ile mingi ni nyekundu. Na chumvi jamani! Onja mbele ya kuchanganya, ikizidi kuku banaharisha.