Mafunzo ya kilimo na kutunza ardhi yapo hapahapa Kigoma na Tabora, we nenda na swali la shambani kwako

Wakulima wenzangu, kila msimu nasikia malalamiko yaleyale, eti huku kwetu hamna mafunzo, mafunzo yapo Morogoro na Arusha, sisi wa reli ya kati tumesahaulika. Kiukweli sio hivo. Kanda yetu ya magharibi ina vyuo, ina vituo vya utafiti, ina maafisa ugani, ishu ni kwamba wengi tunasubiri tuitwe, na tukiitwa swali la kwanza posho shingapi, la pili kuna tisheti. Semina ikiisha kila mtu anarudi kulima vilevile, matuta yanafuata mteremko, moto mwezi wa nane, mahindi juu ya mahindi miaka nenda rudi.

Mi nashauri hivi. Kabla hujaenda kwenye mafunzo yoyote, siku mvua inanyesha vaa buti ingia shambani uangalie maji yanapita wapi na yanabeba nini. Huko ndo utatoka na swali. "Nataka kujifunza kilimo" hilo sio swali, mwalimu ataanza kukufundisha faida za mbolea mpaka usinzie. Lakini ukimwambia udongo wa juu shambani kwangu umebaki kokoto na mahindi ya bondeni yanafukiwa na mchanga, hapo mtaongea kama watu wazima, na utajua pia mafunzo gani yanakufaa na yapi unapoteza muda.

Wa kwanza kumuuliza ni afisa ugani wa kata yako. Najua watu wanawasema vibaya, na wapo ambao hata shamba moja la kijiji hawalijui, lakini tangu 2022 serikali ilipogawa pikipiki na vifaa vya kupima udongo kisingizio cha usafiri kimepungua. Mpigie, mwambie aje na kifaa. Muulize tindikali ya udongo wako ikoje, maana kwenye miinuko yenye mvua nyingi kama ya Kasulu na Buhigwe udongo mara nyingi ni wa tindikali, unaweza kumwaga mbolea ya ruzuku mfuko kwa mfuko na mmea usiifaidi vizuri mpaka uweke chokaa ya kilimo. Hilo peke yake lingewaokolea watu hela nyingi sana.

Aina ya mafunzo ninayoiamini kuliko zote ni shamba darasa. Utaratibu huu FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliuanza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, walikuwa wanapiga dawa hovyo mpaka wakaua wadudu marafiki na wale waharibifu ndo wakazidi. Mnakuwa kikundi cha watu 20 hadi 30, mnakutana kila wiki msimu mzima kwenye kipande kimoja, sehemu moja mnalima mlivozoea, sehemu ya pili mnaweka mbinu mpya, mnahesabu wadudu, mnafukua mizizi, mnabishana, mwisho mnapima mavuno kwa mzani kila upande. Hamna ubao hamna projekta. Na mama ambaye hajui kusoma anaweza akawa ndo mjuaji kuliko wote pale kwa sababu kinachohitajika ni macho. Kama kijijini kwenu halipo, jikusanyeni wenyewe mkamwone afisa ugani kabla ya mvua, sio katikati ya palizi.

Kitu kimoja ambacho mtu wa milimani Kigoma anaweza kujifunza asubuhi moja na kikamfaa maisha yote ni fremu A, kifaa cha miti cha kupimia usawa wa ardhi ili uchore mstari unaokatisha mlima bila kupanda wala kushuka. Twende nayo taratibu. Tafuta miti miwili iliyonyooka ya mita 2 hivi, ifunge juu, miguu itanuke, afu funga mti wa tatu katikati upate herufi A. Kutoka juu kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, kamba ipite mbele ya mti wa kati na jiwe liwe chini yake. Sasa lazima uipime kwanza, hapa ndo wengi wanaruka: isimamishe, weka alama ardhini kwenye kila mguu, na kwenye mti wa kati chora pale kamba inapogusa. Igeuze, mguu wa kushoto ukae mahali pa mguu wa kulia na wa kulia mahali pa kushoto, chora tena. Katikati ya hizo alama mbili ndo usawa wako. Ukiingia shambani, anza pembeni, choma kigingi kwenye mguu wa nyuma, sogeza mguu wa mbele juu au chini mpaka kamba itulie kwenye ile alama ya kati, choma kigingi kingine, songa mbele ukikatisha mlima. Upepo ukivuma subiri jiwe litulie. Ukimaliza utashangaa mstari umepindapinda, usiunyooshe kwa kamba ili upendeze, lainisha kidogo tu pale ulipokata kona kali, mlima ndo umechora hivo.

Kwenye mstari huo unachimba makinga maji, yaani mitaro ya kuzuia maji yasitelemke na udongo, upana sentimita 60 na kina 60 panatosha kwa kuanzia. Udongo ukiutupa upande wa juu ndo ile fanya juu, miaka ikienda mchanga unajikusanya nyuma ya tuta na ngazi inajijenga yenyewe. Mteremko ukiwa mkali mistari ikaribiane, ukiwa wa kawaida iachane. Na kwa kuwa huku milimani mvua ni nyingi, kwenye udongo mzito mstari usiwe bapa kabisa, upe mwinamo kidogo mno kuelekea kwenye njia ya maji iliyoota majani, la sivo siku ya mvua kubwa makinga yanajaa yanapasuka, na tuta likipasuka linachimba korongo baya kuliko hata ungeacha. Juu ya tuta panda majani, matete kama una ng'ombe au mbuzi, vetiva kama huna. Matete yana ulafi, mstari wa mahindi ulio jirani utadumaa, kwa hiyo yakate mara kwa mara ulishe.

Milima yetu ya kando ya ziwa imeshatoa somo hili kwa gharama kubwa. Marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alikuwa anasimulia alivyopita kwa ndege juu ya Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, miaka ya mwanzo ya 1990 akaona nje ya hifadhi milima mitupu, na mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha TACARE, mradi wa kutunza mazingira, na vijiji vya jirani. Walichofanya cha maana ni kwamba waliwasikiliza kwanza wanavijiji wanataka nini, maji, afya, shamba linalolipa, mambo ya msitu yakaja pamoja na hayo. Wanaoandaa mafunzo huku kwetu wangeiga hapo, sio unakuja na mada kutoka mjini.

Tabora mambo ni tofauti. Kule sio mlima, ni udongo wa kichanga unaochoka haraka na miti ya miyombo inayoishia kwenye mabani, zile nyumba za kukaushia tumbaku. Ukiwa Tabora nenda Tumbi, pale kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, na kuna chuo cha kilimo. Watafiti wa Tumbi wakishirikiana na ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, walifanya kazi kubwa miaka ya 1990 kuhusu kuchanganya miti na mazao, kupanda miti ya glirisidia na sesbania shamba likiwa limepumzika ili kurudisha naitrojeni, na akashia aina ya krasikapa kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku ambazo unapanda huku ukiendelea na mahindi miaka ya mwanzo mpaka kivuli kizidi. Mkulima wa tumbaku ambaye bado anakata miti ya mtundu porini wakati ana ekari imekaa tu, huyo ndo angekuwa wa kwanza kwenda kuomba mbegu na maelezo. Waulize watafiti pia kuhusu marejea, mmea wa jamii ya kunde, ukiyapanda kwa mzunguko na tumbaku yanapunguza minyoo fundo inayoshambulia mizizi na yanalisha udongo.

Na kama huna hela hata ya mche mmoja, omba ufundishwe kisiki hai. Mtundu na muyombo vikikatwa vinachipua vyenyewe, tatizo tunafyeka kila mwaka tukidhani ni magugu. Chagua machipukizi matatu mpaka matano yenye nguvu, mengine kata, punguza matawi ya chini, funga kitambaa cha rangi ili mchungaji na kibarua wako wajue hiki hakiguswi. Miche mingi ya kitalu inakufa kiangazi, kisiki kina mizizi ya miaka mingi tayari. Wasukuma wa Igunga na Nzega hili wanalielewa vizuri kupitia ngitili, wazee walikuwa wanatenga eneo la malisho linapumzika lirudi lenyewe.

Hao miyombo ukiwabakiza unapata na nyuki. Tabora mjini kuna Chuo cha Nyuki, na kwa mtu ambaye shamba lake limepakana na msitu sioni mafunzo yanayolipa haraka kama hayo, nasema hivyo nikijua kuna watu wamenunua mizinga ya kisasa kumi kwa mpigo bila kujua kugawa kundi, mizinga imekaa mitupu imekuwa nyumba ya mijusi. Jifunze kwanza, nunua baadaye.

Kigoma upande wa michikichi mahali pa kwenda ni TARI Kihinga. Nenda ukaulize habari ya tenera, aina ya mchikichi yenye kokwa jembamba na mafuta mengi, na hapa nieleze kitu ambacho wauza miche wa barabarani hawasemi. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukiokota miche iliyojiotea chini ya tenera ya jirani ukaipanda, haitoki tenera yote, hata kama mti uliochavusha nao ni tenera karibu robo inarudi dura lile la kokwa nene, robo inakuwa pisifera ambayo kwa kawaida haizai matunda ya maana, nusu tu ndo tenera. Na hutajua mpaka umengoja miaka mitatu minne. Nafasi ni mita 9 kwa 9 kwa mtindo wa pembetatu, inakuja miche 143 kwa hekta, na miaka ya mwanzo katikati weka maharage au karanga, usiache udongo wazi.

Vijana waliomaliza kidato cha nne wanaotaka cheti au stashahada kuna vyuo vya kilimo vya serikali, MATI Tumbi na kule Kasulu MATI Mubondo, wanaangalia sana ufaulu wa masomo ya sayansi, maombi hakikisha unapitia utaratibu unaotambuliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Asiyekuwa na vyeti asikate tamaa, vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo tangu 1975 kwa ajili ya mtu kama huyo, kuna Kasulu, Kibondo, Urambo, Sikonge, wana kozi fupi za kilimo na ufugaji, nenda kaulize kozi gani inaanza lini. Yeyote anayekupigia simu anataka utume hela ya "usajili wa mafunzo ya wafadhili" kabla hujaona darasa, kata simu.

Kwenye simu janja kuna programu ya Nuru ya PlantVillage, ipo kwa Kiswahili na ikishapakuliwa inafanya kazi bila bando, unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo inakwambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia. Kwa watu wa Kakonko na Kibondo wanaoishi kwa muhogo hiyo ni bora kuliko kuvuna ndo uone mizizi imeoza ndani. Video za Kiswahili za Access Agriculture nazo ni bure. Ila video haikushikishi jembe, itazame usiku kesho yake ujaribu.

Na Nane Nane ya Ipuli pale Tabora usiende kutembea tu na kula chipsi. Inaangukia mwezi wa nane, mvua hazijaanza, kwa hiyo ukiuliza vizuri una muda wa kuchora mistari na kuchimba udongo kabla ya kupanda. Chochote utakachojifunza kijaribu kwenye kipande kidogo, mita 10 kwa 10, pembeni yake acha kingine cha kawaida, mbegu ileile siku ileile.

Mwisho, kabla hujachimba: kama shamba ni la kukodi, andikishaneni kwenye serikali ya kijiji utakaa miaka mingapi, maana ukishatengeneza matuta mwenye shamba analitamani ghafla. Kama unapakana na mto, acha mita 60, ndivyo sheria ya mazingira ya 2004 inavyosema. Na ongea na wa juu yako na wa chini yako. Wa juu akikataa kuweka makinga, chimba mfereji mmoja imara kwenye mpaka wako wa juu, maji yake uyapeleke kwenye njia yenye majani, usiyaelekeze kwa wa chini.