Namna ya kumjua aliyeunda kichwa cha treni kabla hujaagiza spea

Mafundi waliniita Mama Spea, na jina likaning'ang'ania. Kazi yangu katika karakana ya reli hapa Uganda ilikuwa stoo. Fundi anakuja mikono imejaa grisi, anagonga dirisha: "Mama, nipe kile kidude cha upande wa kushoto." Kidude gani? Cha mashine ipi? Kushoto kwa nani? Sasa nimestaafu, niko zangu Tororo, na vijana walioingia stoo bado wananipigia simu kuuliza yaleyale. Basi nayaandika, simu zipungue.

Kwanza, rangi isikudanganye. Rangi na nembo za ubavuni humtaja mwenye mali, na mwenye mali hapa kwetu amebadilika mara kadhaa: East African Railways mpaka 1977, halafu Uganda Railways Corporation (URC), halafu Rift Valley Railways waliokabidhiwa njia mwaka 2006, halafu URC tena baada ya mkataba ule kuvunjika mwaka 2017. Chuma kilekile kimevaa nguo zote hizo.

Namba kubwa ya mbele nayo haitoki kiwandani. Ni ya shirika la reli. Kwa mtindo tuliourithi, tarakimu mbili za kwanza ni aina ya kichwa, mbili za mwisho ni nafasi yake katika kundi. Ile mashine ya mvuke ya mtindo wa Garratt, 5918, iliyopo makumbusho ya reli Nairobi ni ya kumi na nane katika aina ya 59. Namba hiyo itakusaidia kupata faili kabatini. Ukimwandikia mwenye kiwanda "naomba pampu ya 7312", hatajua unasema nini.

Anachokijua yeye ni namba ya kiwanda, nayo iko kwenye kibao. Kibao ni kipande cha shaba au aluminiamu, aghalabu chini ya dirisha la dereva au kwenye fremu ubavuni, kimeandikwa jina la kampuni, mji, namba na mwaka. Chukua kitambaa chenye dizeli kidogo, futa, kisha piga picha kwa tochi iliyoshikwa kwa pembeni ili herufi zitoe kivuli. Nakili kwa mkono pia, maana 3 na 8 zilizolika hufanana. Na kabla ya yote mwone msimamizi wa zamu, akuhakikishie kwamba mashine imezimwa na haitasogezwa wewe ukiwa chini yake. Hilo silijadili na mtu.

Shaba ina bei kwa wanunua vyuma chakavu, kwa hiyo usishangae ukikuta matundu manne ya boliti na kibao hakipo. Usikate tamaa. Kwenye mashine za mvuke namba ya kiwanda hugongwa kwa patasi kwenye vyuma vinavyozungusha magurudumu. Kwenye za dizeli, kila kiungo kikubwa kina kibao chake: injini, jenereta, kompresa, turbo. Ndiyo maana nasema kichwa cha treni hakina muundaji mmoja. Jina la ubavuni linaweza kuwa la kampuni iliyochomelea fremu na kufunga bogi (fremu ndogo zinazobeba magurudumu), lakini injini ni ya MTU au Caterpillar, na breki ni za Knorr-Bremse. Kama kilichoharibika ni vali ya breki, mwenye fremu atakuuzia bei ya juu kitu alichokinunua kwa mwingine. Nenda kwa mwenye kibao cha kile kilichoharibika.

Sasa hapa ndipo stoo nyingi hukwama: umepata jina, lakini kampuni haipo tena. Viwanda vya treni huolewa, na kila ndoa hubadili jina la bibi harusi. Chukua Henschel wa Kassel, Ujerumani, waliotuletea aina ya 73. Mwaka 1990 wakawa ABB Henschel, mwaka 1996 Adtranz, mwaka 2001 wakanunuliwa na Bombardier wa Kanada, na Januari 2021 Bombardier akauza kitengo chake cha treni kwa Alstom wa Ufaransa. English Electric, waliotengeneza vichwa vya dizeli vya East African Railways, waliingia GEC mwaka 1968, GEC ikaungana na Wafaransa mwaka 1989 kuwa GEC Alsthom, kisha Alstom mwaka 1998. Umeona? Mjerumani wa Kassel na Mwingereza wa zamani leo wanasomewa barua katika nyumba moja.

Vile vya General Electric, kama aina ya 93 ya majirani zetu Kenya, tangu 2019 mrithi wake ni Wabtec. Hao asili yao ni kampuni ya breki za upepo aliyoianzisha George Westinghouse mwaka 1869. Breki ndiyo iliyokuja kumnunua kichwa, jambo ambalo hunichekesha mpaka leo. Na Beyer, Peacock wa Manchester, mabwana wa Garratt, walifunga mwaka 1966. Kwa hao usipoteze stempu. Tafuta mchoro, upeleke kwa mtu wa kusubu chuma.

Wachina wana mtego wao. CRRC ndiyo kampuni ya kuunda treni kubwa kuliko zote duniani, iliyozaliwa 2015 kwa kuunganisha kampuni mbili za huko, CNR na CSR, lakini ndani yake kuna viwanda vingi kila kimoja na michoro yake. Vichwa vya dizeli vya SGR (ile reli mpya ya njia pana) ya Kenya vilitoka kiwanda cha Qishuyan. Andika "CRRC" peke yake uone barua itakavyozunguka.

Tukishaitaja SGR, tenganisha anayejenga njia na anayeunda treni. Yapı Merkezi wa Uturuki walisaini na serikali yetu Oktoba 2024 kujenga njia ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Kampuni hiyohiyo ilijenga Dar es Salaam hadi Morogoro, lakini treni za umeme za huko ziliundwa na Hyundai Rotem wa Korea Kusini. Kijana atakayekaa stoo ya SGR yetu asidhani Mturuki ndiye mwenye spea zote.

Haya, barua yenyewe. Weka jina la kampuni ya kale na la mrithi, mji wa kiwanda, namba ya kiwanda, mwaka, halafu namba iliyogongwa kwenye kidude. Ambatisha picha yenye rula kando yake. Taja upana wa njia, yaani nafasi kati ya reli mbili: yetu ya zamani ni milimita 1,000. Afrika Kusini na TAZARA ni 1,067, na SGR ni 1,435. URC imenunua vichwa vinne kwa Grindrod wa Afrika Kusini, kwa hiyo jicho lako liwe kali: ekseli za soko la huko, usipotaja upana, zitakuja na zile milimita 67 za ziada, na hakuna nyundo ya kuzipunguza.

Kuhusu kushoto na kulia: vyote huhesabiwa ukiwa umetazama upande wa mbele wa mashine, na mbele si lazima kuwe kule dereva alikoelekea leo. Kwenye vichwa vya Kimarekani tafuta herufi F iliyoandikwa karibu na ncha ya fremu. Hapo ndipo mbele. Fundi akija na kidude chake cha kushoto, mrudishe akaitafute F kwanza, ndipo umfungulie dirisha.