Kumfuatilia kwa simu mgonjwa anayesafisha damu nyumbani

Mgonjwa wa figo wa Liwale au Newala anayesafisha damu kwa njia ya tumbo (maji yenye sukari huingizwa tumboni kwa mpira, hukaa humo kwa saa kadhaa, kisha hutolewa) hawezi kupanda basi kila muuguzi anapotaka kumwona. Simu inatosha kwa mengi, mradi vipimo vichukuliwe kabla hujapiga. Bila namba mtakuwa mmejuliana hali tu.

Nyumbani pawe na mizani ya mwili, mizani ya kuning'iniza mifuko, mashine ya presha, kipimajoto na daftari. Kila asubuhi, akishatoa maji na kabla ya kula, apime uzito na presha. Kila anapobadilisha maji aandike saa, kiwango cha sukari cha mfuko (asilimia 1.5, 2.5 au 4.25), kilichoingia na kilichotoka. Zikiingia lita 2 zikatoka lita 2.3, amepunguza mililita 300. Wengi hukosea hapa: hawaondoi uzito wa mfuko mtupu wala maji ya kusuuzia mpira, basi daftari linasema maji yanatoka vizuri huku miguu inavimba. Rudieni hesabu hiyo pamoja kwenye video mpaka aiweze. Mtandao ukigoma, atume namba kwa meseji ya kawaida.

Picha ya mfuko wa maji yaliyotoka ipigwe kwenye mwanga wa mchana, bila flashi, mfuko ukiwa juu ya gazeti. Herufi zisiposomeka, au tumbo likiuma, acha mambo ya simu: aende hospitali siku hiyohiyo na mfuko wenyewe, asiumwage. Maabara itahesabu chembe nyeupe. Zikizidi 100 kwa mikrolita na nyingi zikiwa nyutrofili (aina inayopambana na bakteria), ni maambukizi ya tumbo. Sampuli ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kabla ya antibayotiki, lakini dawa isicheleweshwe kungoja majibu. Kwa hiyo kubalianeni mapema na hospitali ya wilaya yake, maana safari ya kufika Mtwara mjini inaweza kula siku nzima.

Maji yakitoka polepole bila ukungu, uliza kwanza kuhusu choo. Utumbo uliojaa husukuma ncha ya mpira. Kisha aonyeshe klipu na mpira wote, usije ukawa umejikunja.

Uzito ukipanda, uliza alichokula kabla ya kumwongezea mifuko ya 4.25, ile mikali inayovuta maji zaidi. Ng'onda ina chumvi nyingi, chumvi huleta kiu, na mifuko mikali ikitumika mara kwa mara huchosha utando wa tumbo. Akihema kwa shida akilala chali, aende hospitali mara moja.